Mashine Isiyosikia

Mume wangu alikuwa mtu wa kubana matumizi, na hilo alilisema mwenyewe mbele za watu, shingo ameinyoosha. Wengine wakiwa mabahili huona haya. Yeye aliona ni siasa. Miaka ile redio ilituhubiria kujitegemea asubuhi na jioni, na katika mahubiri yote yale yeye alichukua kipande kimoja tu kilichomfaa: kwamba mwanamume anayemnunulia mkewe tikiti ya sinema anahujumu uchumi wa taifa.

Tulikaa Mbeya, nyumba ya serikali, vyumba viwili na umeme, wakati reli ya kwenda Zambia inaanza kupitisha treni. Yeye alikuwa karani katika ofisi moja pale mjini. Mimi nilikuwa mama wa nyumbani, mzaliwa wa Iringa upande wa Kalenga, nimeolewa na mtu wa Tukuyu aliyekuja kuniposa na suti ya kuazima. Suti ile ilimpwaya mabegani, nami nikadhani amekonda kwa mapenzi. Nilikuwa mjinga wa kutosha.

Mjini palikuwa na sinema. Wakati wa uchumba niliahidiwa kwamba nitapelekwa kila mwisho wa mwezi, na nikapelekwa mara moja. Ilikuwa picha ya Kihindi, nikalia mpaka leso ikalowa, nikatoka na furaha iliyonitosha wiki nzima. Yeye alitoka amenuna. Njiani akaniambia, "Mama, tumelipa kuona watu tusiowajua wakilia. Nyumbani wa kulia si wapo?"

Baada ya hapo ndipo alipopata mashine yake. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa kule Mbozi alikuwa anafungasha arudi kwao, na vitu asivyovitaka alivipanga barazani watu wajichagulie kwa bei ya kutupa. Mume wangu akarudi na kamera, projekta na sanduku la mikanda, uso unang'aa kuliko siku ya harusi. Wazungu wenyewe walikuwa wameshaachana na vitu vile. Walikuwa na kamera mpya, mkanda wake unauchomeka tu na kuanza kupiga. Hii yetu ilikuwa ya mkanda wa zamani wa milimita nane, unaoufunga kwa kupapasa kivulini, ukimaliza upande mmoja unaugeuza na kupiga wa pili. Tena haikuwa na sauti hata ya dawa. Sauti pekee ilikuwa ya projekta yenyewe, nayo ilikoroma kama cherehani iliyokosa mafuta.

"Sinema imehamia nyumbani," akatangaza. "Bure, maisha yote."

Kwa hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani aliziba madirisha kwa mablanketi, akagongomea shuka langu jeupe ukutani kwa misumari minne, na majirani wakaja kukaa kwenye jamvi. Nililipenda shuka lile. Kwenye sanduku mlikuwa na mikanda saba, yote ya familia ya yule Mzungu, na kwa mwaka mzima hatukuona kingine. Tuliona mbwa akikimbilia mpira. Tuliona watoto wekundu wakipuliza mishumaa. Tuliona theluji, na mwanamke mnene akianguka juu ya theluji, na mume wangu akiwaambia watu, kila Jumapili, "Sasa hivi ataanguka," na mwanamke anaanguka, na watu wazima wenye akili zao wanacheka kana kwamba ni mara ya kwanza. Jirani yetu mwalimu alikuwa na neno moja tu. "Ajabu, shemeji," alisema mbwa akitokea. "Ajabu," mbwa akipotea. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa anafundisha watoto wa wenzake.

Mimi nilikuwa nachemsha chai ya wageni wale. Chai, sukari na maandazi kila wiki, ambavyo vilizidi tikiti mbili za sinema, lakini hilo halikuingia kichwani mwa mchumi wetu.

Ndipo utingo wa lori moja alipogonga mlango na ujumbe kutoka kwetu. Mama yangu anaumwa ubavu, hapati usingizi, na anataka kuniona. Mama alikuwa mjane, mimi ndiye mtoto aliyebaki, na hakuwa mtu wa kuita watu ovyo. Mguu ulipomvunjika hakuniita. Kwa hiyo nilijua kwamba hili ni zito, na jioni ile ile nikamwomba mume wangu nauli ya basi.

"Subiri," akasema. "Mwezi ujao nina safari ya kikazi ya Iringa."

Nikafurahi. Nikafua nguo, nikasaga unga wa ulezi wa kumpelekea. Asubuhi ya safari nikatoka na kikapu, Land Rover imesimama nje inanguruma. Akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni.

"Mama, hili gari la umma. Wewe siyo mtumishi wa umma."

"Sasa mama yangu nitamwona lini?"

"Utamwona," akasema, na akaipigapiga kamera iliyokuwa inaning'inia shingoni. Unga aliuchukua.

Alirudi baada ya siku nne. Nilimuuliza mama anaendeleaje, akacheka tu, akasema subiri, utamwona kwa macho yako. Mkanda ukapelekwa kwa mwenye studio ya picha mjini, ambaye alikuwa na mazoea ya kusafisha picha za pasipoti na za harusi na hakuwa na hamu na mikanda ya kizamani. Ukakaa kwake wiki tatu. Wiki tatu nilikuwa naishi nyumba moja na mtu aliyemwona mama yangu juzi, na nikimuuliza ananijibu kwa tabasamu. 

Mkanda uliporudi, akaita majirani. Naomba mtu anielewe hapa. Aliwaalika watu waje kumtazama mama yangu mgonjwa kwa chai na maandazi. Mwalimu alikuja na mkewe na shemeji zake wawili.

Blanketi zikashushwa, projekta ikaanza kukoroma, na mama akatokea ukutani, mdogo kama kidole. Kwa nini mdogo? Kwa sababu mkwe hasogei karibu na mama mkwe wake, na mume wangu, aliyekuwa hana aibu ya kuninyima nauli, alikuwa na aibu ya ukwe. Alisimama kule kwenye ua wa matete, mama kasimama mlangoni kwake, mkono kashika mwimo. Alikuwa amekonda. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Akaitazama kamera, akainamisha kichwa kidogo, na midomo yake ikasema "kamwene." Hilo nililisoma bila shida, maana kwetu hakuna linalosemwa kabla ya hiyo salamu.

Kisha akaendelea kusema. Alisema kwa utulivu, kidogo kidogo, mkono mmoja ukiinuka na kushuka. Nikaelewa mara moja alichokuwa anafanya. Mama hakuwahi kuona sinema maishani. Mashine aliyoijua ni redio ya katekista, ambayo kwayo watu wa mbali hutuma salamu na ndugu zao wakazisikia. Alipoona mkwe wake ameielekeza mashine kwake, alijua anatakiwa kutuma maneno kwangu. Akayatuma.

Na hapo treni ikapita tumboni mwake.

Nasema kweli, treni. Mchumi wetu alikuwa ameshapiga picha za behewa za mizigo pale stesheni ya Mbeya, akageuza mkanda, akageuza tena mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na mama yangu akapigwa picha juu ya picha za treni. Behewa zikapita kifuani, zikapita mdomoni, moja baada ya nyingine, na kila ninapotaka kumsoma midomo, behewa. Wageni wakaangua kicheko. Mke wa mwalimu alishika mbavu. "Ajabu, shemeji!" mwalimu akapaza sauti. "Mama mkwe kameza reli!" Na mume wangu, aliyeharibu kila kitu, akacheka pamoja nao na kusema huo ndio ufundi.

Treni ilipoisha, mama alikuwa amemaliza. Alisimama kidogo, akamtazama mtu aliyeshika kamera, akaingia ndani.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Nitajuaje? Alisema Kihehe. Mimi najua kamwene basi."

"Hukumwambia hii mashine haina maneno?"

"Mkwe nitamkatizaje? Nilikuwa natikisa kichwa tu, kwa heshima." Akazima projekta. Akanigeukia mbele ya watu wale wote, sauti ya upole kabisa. "Sasa si umemwona? Tumeokoa nauli ya kwenda na kurudi."

Wageni wakaitikia kwamba kweli, mtu ana akili.

Ningependa kusema kwamba niliondoka siku ile ile. Sikuondoka. Kwa hilo najidharau kuliko ninavyomdharau yeye. Nilikaa Jumapili nne zaidi, kila Jumapili nikimwomba auweke tena mkanda wa mama, naye akidhani nimeanza kuipenda sinema yake. Nilikuwa napiga magoti karibu kabisa na shuka, nawinda nafasi kati ya behewa na behewa, nikitafuta neno. Sikupata hata moja. Nilichopata ni mkono: mara mbili alijigusa ubavu, na mara moja, mwisho, aliunyoosha kuja kwangu, kiganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu.

Jumatatu ya tano niliuza kuku wangu wote sokoni, nikapanda basi. Sikuaga. Tulisimama Igawa, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, mimi nikabaki kitini nikipanga nitakavyomweleza mama. Nilijua nimechelewa, lakini nilidhani nimechelewa kwa ugonjwa tu.

Nilimkuta kwenye mkeka nje, anaota jua. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Jirani aliyekuwa akimpikia akaniona, akanyanyuka akaingia ndani bila kunipokea mzigo, na nilipaswa kuelewa hapo. Nikapiga magoti, nikasema, "Kamwene, mama."

Hakuitika. Kwetu hata mtu mliyegombana naye shambani anaitika. Nikasema tena. Nikabaki nimepiga magoti kwenye changarawe, salamu mkononi, mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia.

Hatimaye akasema, kwa Kihehe, "Ulinisikia siku gani?"

"Sikukusikia, mama. Ile mashine haisikii. Inaona tu."

"Mume wako alinishikia mashine pale mpaka nikamaliza. Alitikisa kichwa. Kila nilichosema alitikisa kichwa."

"Hajui Kihehe, mama."

"Ndiyo maana nikasema kwa Kihehe. Hayakuwa yake." Akavuta pumzi. "Nilikwambia uje kabla mwezi haujafa. Nikakwambia kwa nini. Nikasubiri. Miezi miwili, mwanangu."

Nikamweleza yote. Nikamweleza kuhusu mkanda, shuka, treni. Na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojua jinsi ninavyosikika: mwanamke aliyekaa mjini, akaitwa na mama yake, akachelewa, na sasa ameleta hadithi ya treni iliyopita tumboni mwa mtu. Aliniacha nimalize. Kisha akageuza uso kuelekea ukuta wa nyumba.

"Nami ningesema hivyo hivyo," akasema, "kama ningekuwa nimesikia nikaacha kuja."

Nilikaa naye siku kumi na moja. Nilimwogesha, nilimkanda miguu, nilimpa uji kwa kijiko, naye alipokea kila kitu bila kunifukuza. Kila siku nilimuuliza alikuwa amesema nini. Nilimuuliza kwa upole, nilimuuliza kwa hasira, siku moja nilimuuliza huku nalia. Jibu lake lilikuwa moja: ameshasema. Na kila mtu aliyekuja kumjulia hali alimwambia, mimi nimekaa pale pale na bakuli, kwamba katika wote aliowaita ni mkwe wake tu aliyekuja, akamletea unga wa ulezi, akamsikiliza mpaka mwisho.

Alifariki siku ya kumi na mbili asubuhi, bado anamsifu.