Dada Yangu Alivyouawa Kwenye Sinema

Dada yangu mkunga aliuawa Jumamosi alasiri, huku amekaa kando yangu kwenye benchi anatafuna karanga. Niliona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu nalo lingeona.

Dada amezalisha nusu ya mtaa huu. Akianza kelele zake, "Sukuma, mama! Usibane miguu, mtoto anachoka!", hata mbuzi wa jirani wamewahi kuzaa kabla ya siku zao. Mwaka juzi wakaja wageni wenye kamera, wanatengeneza sinema ya vita: mateka wamefungiwa ghorofani, askari wametoka kwao mbali kuja kuwaokoa. Wakamfunga dada kitambaa cheusi kichwani, wakampandisha kwenye roshani.

"Piga kelele kwa lugha yako," mkalimani wao akamwambia. "Lolote lile, ila uwe na hasira."

Sasa mkunga ana hasira gani nyingine? Akapiga kelele zilezile za kazini. Wakampigia makofi.

Jumamosi hiyo sinema ikafika banda la video, mtaa mzima ukafurika kumwona. Anayetafsiri pale ni mkwe wake, tunamwita Domo. Huzima sauti ya picha, akasoma maandishi yanayopita chini, akatuambia kwa kipaza sauti. Askari wakimwaga risasi, sisi hushangilia. Hatukuwahi kuuliza wanaoanguka ni akina nani.

Dada akatokea. Vigelegele! Domo akasoma, mdomo ukiitangulia akili:

"Wachinjeni mateka wote! Anzeni na watoto!"

Askari akalenga. Dada akaporomoka kutoka roshani, na picha ikasonga mbele, haikugeuka hata kumtazama.

Mke wa kinyozi, mimba ya miezi minane, alikuwa amemwegemea dada. Akasogea polepole mpaka mwisho wa benchi. Dada alimwona.

"Mkwe, hayo ndiyo niliyosema?"

"Mama, ndivyo walivyoandika. Mimi nasoma tu."

"Rudisha nyuma. Fungua sauti."

Domo akarudisha, akafungua sauti. Ikasikika, "Sukuma, mama! Usibane miguu, mtoto anachoka!" Hakuna aliyecheka. Seremala, jitu zima lililozaliwa kwa maneno hayohayo, akajishika kichwa.

"Na huko kwao wale wageni," dada akauliza, "nani atawafungulia sauti?"

Domo akazima mashine.

Wiki tatu baadaye mke wa kinyozi akashikwa na uchungu, asubuhi kweupe. Akamwita dada, nami nikabeba beseni. Wakati ukafika, dada akafungua kinywa, kikatoka hewa tupu. Miaka arobaini ya kupiga kelele, leo kimya! Nusura nilidondoshe beseni.

"Dada, sema basi!"

"Nikitaka kusema, najiona naanguka."

Mzazi akamkamata ukosi wa gauni kwa mikono miwili. "Mama, nilisogea kwenye benchi, nimekosa! Nitukane ukitaka, ila niambie nisukume!"

Dada akamtazama. Akaanza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Ya pili ikapanda. Ya tatu, nawaapia, misumari ya bati ilichomoka.

Mtoto wa kike, mzima. Akatoka analia kumshinda dada, na dada akanyamaza kumpisha.