Jumamosi Niliyomchagulia Joash

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ambayo kama ningeweza ningeisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana wa Migori mjini, sijaoa, kazi yangu kuuza vipuri vya baiskeli kwenye kibanda cha baba, na akili yangu yote iko kwenye besiboli. Usicheke. Najua nyinyi mpira mnaoujua ni wa miguu tu. Besiboli tuliletewa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyefundisha sayansi shule ya upili, na aliporudi kwao akatuachia marungu mawili, glavu chache na mipira iliyochakaa. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa rungu kisha anakimbia kuzunguka magunia manne yaliyojazwa mchanga, na akirudi alipoanzia bila kunaswa, timu imepata pointi. Mpira ukipasuka tulimpelekea fundi viatu. Basi hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu ya kila Jumapili alasiri.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu ya Joash. Joash alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyerusha mpira kumshinda. Lakini kwao walikuwa Wasabato hasa. Ijumaa jua likishuka, maji yameshatekwa, kuni zimeshapasuliwa, chakula kimeshapikwa, na mpaka Jumamosi jua lizame hakuna mtu wa boma lile anayegusa kazi wala mchezo. Sisi Wakatoliki Jumapili asubuhi tulikwenda misa, na alasiri tukakutana wote uwanjani. Hakuna aliyelalamika.

Mwaka huo Joash alikuwa anajiandaa kubatizwa mtoni. Alikuwa amemaliza mafundisho, mama yake ameshawaalika wajomba kutoka Homa Bay, na yeye mwenyewe, mtu wa mizaha siku zote, alikuwa ameanza kutulia. Nilimtania sana juu ya hilo. Nikikumbuka sasa naona aibu, kwa maana rafiki yangu alikuwa na furaha na mimi sikuiona.

Ndipo vijana wa Mbita, ambao mwalimu yule alikuwa akiwafundisha mchezo huo wakati wa likizo, wakataka kuja kucheza nasi. Ujumbe uliletwa na binamu yangu aliyekuwa akileta omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Walisema watafika Jumamosi mchana, watalala kwetu, na mchezo uwe siku hiyo hiyo au kesho yake, tuchague wenyewe. Kapteni nilikuwa mimi. Nikachagua Jumamosi, na nitakuambia kwa nini: Jumamosi soko linajaa, na nilitaka watu wa soko waje watuone. Ni hilo tu, mwanangu. Nilitaka kushangiliwa.

Lakini bila Joash tungepigwa vibaya. Basi nikamwendea nikamwambia kwamba watu wa Mbita wanaweza Jumamosi peke yake, Jumapili alfajiri wanaondoka. Akaniuliza kama kweli hakuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna, kisha nikaongeza kwamba uamuzi ni wake, mimi simlazimishi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yananichoma mpaka leo.

Alikuja. Alasiri ya Sabato vijana wa kanisa lao hutembelea wagonjwa, naye alitoka pamoja nao, akaachana nao njiani, akafika uwanjani na suruali yake ya kanisani na shati jeupe. Alirusha vizuri kama kawaida yake, ila kila mtu alipopita barabarani, yeye aligeuka kutazama ni nani. Watu wa soko walijaa kweli. Walishangilia hata pale ambapo hawakuelewa kimetokea nini. Tukashinda, nikabebwa juu juu, na sitakudanganya, nilifurahi.

Baadaye tulikaa kwenye nyasi na wageni wetu, soda na mandazi mkononi. Kapteni wa Mbita, kijana mpole aitwaye Otieno, akaniambia bila ubaya wowote, "Lakini omera, ndugu yangu, sisi tulishangaa mkichagua leo. Si tulituma tukasema hata kesho ni sawa, maanake tunalala hapa?"

Joash akaacha kutafuna. Akanitazama.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," nikasema, maana pale sikuwa na pa kukimbilia.

Hakugomba. Aliiweka glavu chini taratibu, akawaaga wageni mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka. Mimi hakunipa mkono.

Wiki hiyo alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akasema yote, naye akaambiwa asubiri ubatizo utakaofuata. Mama yake ikabidi atume watu Homa Bay kuwaambia wajomba wasije. Kisha baba yake, Mzee Nashon, aliyekuwa mzee wa kanisa, akaja kibandani kwetu. Nilikuwa nimejiandalia utetezi wangu: Joash ni mtu mzima, alikuja kwa miguu yake, hakuna aliyemshika shati. Mzee akaketi, akaulizia kwanza afya ya baba yangu. Halafu akasema polepole.

"Hiyo ya Sabato ni mambo ya Joash na Mungu wake, sikukuja juu ya hiyo. Milango zilikuwa mbili. Wewe ukaficha moja, halafu ukamwambia kijana yangu achague. Sasa hapo yeye alichagua nini?"

Utetezi wangu haukugusa swali hilo. Mzee hakungoja jibu; akaniaga kwa heshima na kwenda zake.

Nilikwenda kuomba msamaha, na Joash akanisamehe. Naamini alinisamehe kwa moyo. Alipobatizwa hatimaye nilikuwa pale ukingoni mwa mto, na Jumapili zikarudi, na magunia yetu yakajazwa mchanga tena. Ukituona mpaka leo utasema hawa ni marafiki, na hutakosea. Lakini kuna kitu hakikurudi. Nikimwambia mechi ni saa tisa, anamuuliza na mwingine. Nikimwambia barabara ya Masara imeharibiwa na mvua, anamsimamisha mtu anayetoka huko amhakikishie. Hafanyi kwa kisasi, maskini. Nadhani hata hajui kwamba anafanya.

Nilipooa, niliomba harusi iwe Jumapili, ingawa kwetu wengi huoa Jumamosi, na padri akashangaa. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Joash. Alikuja mapema, akabeba viti, akahudumia wazee, akacheza mpaka jasho likamtoka. Jioni dada yangu akaniambia huku akicheka kwamba Joash alikuwa amempitia wiki ile, kumuuliza kama ni kweli harusi ni Jumapili. Dada aliona ni kichekesho. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba na suti yangu mpya nikalia.

Basi mwanangu, ukitaka kitu kwa rafiki yako, mwambie unakitaka. Mwambie wazi hata kama ni jambo la kijinga, kwamba unataka watu wakuone. Huenda akakataa, mkanuniana, na kesho mkala pamoja. Lakini usimpunguzie ukweli ili aende unakotaka wewe, kisha ukajisafisha kwa kusema uamuzi ni wake. Msamaha utaupata, watu ni wema kuliko tunavyodhani. Kuaminiwa ni kitu kingine, na mimi nimekingoja miaka mingi.

Mungu akukuze, akupe marafiki wa kweli. Na ukiwaambia neno, waondoke nalo bila kwenda kumuuliza mwingine.