Vidole vya Kipa

Kipa wa timu ya kriketi hachuchumai tena. Anajishusha polepole nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda, kama mtu anayeingia kwenye karai la maji moto. Gurjit, kipa wa akiba, anamtazama kutoka benchi huku damu ikimchemka. Kabla ya kila mpira yule bwana hugonganisha glavu zake, hupayuka, "Haya vijana, twende!" kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, kisha hujishusha tena. Jana alidaka kutwa nzima kwenye uwanja wa Lavington. Leo yuko Spring Valley juani, na mipira imeanza kumpita ubavuni. Wakati wa chai anashindwa hata kumenya ndizi. Anaichana ganda kwa meno, maana vidole vimevimba na vimekataa kukunjika.

Kocha anapita akitafuna sambusa. "Huyu mzee ni chuma! Wikendi ijayo tena, ama?"

Kipa anarudisha mikono ndani ya glavu upesi. "Iko sawa, kocha."

Sawa gani? Gurjit anatamani kupiga kelele. Kuna kipa mzima hapa, magoti mazima, anasugua benchi kwa sababu mmoja hajui kupumzisha watu na mwingine hajui kukataa! Lakini kocha keshaenda zake, na kipa amemsogelea Gurjit, ameshika plasta.

"Nifunge hivi vidole, bhai. Kaza kabisa, kocha asijue."

Gurjit anameza hasira, anakaza. Msimu mzima, hiyo ndiyo kazi pekee aliyopewa kwenye timu.