Vita Bila Wapelelezi

Sijui kama hii inafaa kuandikwa, lakini haki ni haki. Miye na Bahati tunanyoa watu katika saluni moja hapa Uvira, na tunacheza vita kwenye simu. Anayeshindwa anachota maji ziwani, bidoni kichwani, kwaya nzima ya kanisa inayofanya mazoezi ufukoni ikimuangalia.

Mchezo unafunika jeshi la mwenzako kwa ukungu, ila unaweza kutuma wapelelezi. Kwa moyo wangu safi nilidai tuwakataze, wana nguvu mno. Kioo cha ukutani nyuma ya Bahati kilikuwa kinanionyesha simu yake yote.

Bado nilipigwa kila mchezo. Leo nikamwambia mbele ya wateja: “Bahati, weye unaiba.”

Mzee tuliyempaka rangi ya nywele akachoka kungoja. “Kijana, weye unatazama kioo cha nyuma yake, naye anatazama cha nyuma yako. Ila yeye anajua kucheza.”