Kiyoyozi cha Gari la Mkunga

Fundi Barafu hakupewa jina hilo kwa ukimya wake, ingawa wengi walidhani hivyo. Kazi yake ilikuwa viyoyozi vya magari, basi. Miaka kumi na minane aliifanya pamoja na mdogo wake, mmoja ndani ya gari akikanyaga mafuta, mwingine ameinamia injini akisoma geji. Kisha mdogo mtu akapata kazi ya majokofu ng'ambo, akaaga, akaenda zake. Tangu hapo Barafu alibana pedali kwa kipande cha ubao, na siku nyingine alifunga gereji hajatamka maneno ishirini.

Jumamosi moja asubuhi akaingia mama mmoja, mkunga mstaafu, na gari dogo jeupe linalong'aa.

"Linapuliza joto, baba," alisema. "Kama mtu anakuhemea usoni."

Barafu akawasha. Upepo ulitoka kwa nguvu, ila wa moto. Feni ilikuwa nzima. Akafungua boneti, akashika mabomba mawili ya kiyoyozi. Moja lilipaswa kuwa baridi na jingine moto, lakini yote yalikuwa vuguvugu. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, nayo ilikuwa imelala, haishiki. Akaunganisha geji ya kupimia gesi, na mshale ukabaki kule chini.

"Gesi imekwisha," alisema. "Na gesi hailiwi, mama. Kuna mahali inavujia."

Akaongeza gesi kidogo, kompresa ikashika. Alipoinama kuchukua ubao wake, mkunga akauliza, "Huo wa nini?"

"Wa kukanyagia mafuta."

"Na mimi miguu yangu ya nini?"

Akaingia garini. Barafu akawa anaagiza: ongeza, shikilia hapo hapo, punguza.

"Maisha yangu yote mimi ndiye niliyewaambia watu wasukume," mkunga alisema kupitia dirishani. "Leo zamu yangu kuamrishwa."

Barafu akacheka, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Injini ilipozimwa, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Hakuna kitu. Mwisho akapaka mbele ya kompresa, pale shafti inapochomoza. Mapovu yakaanza kufura taratibu.

"Sili, ule mpira wa kuzuia gesi, imekauka. Gari linatembea mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku," mkunga akajibu upesi.

Barafu akachungulia dashibodi. Alikwisha kuona stika ya kubadilishia oili, ya mwaka jana. Tangu siku ile gari lilikuwa limekwenda kilomita tisini na tatu. Mkunga akayafuata macho yake, akaishusha sauti.

"Sina pa kwenda, fundi. Zamani watu walikuwa wananigongea mlango kabla hakujapambazuka. Wale niliowazalisha sasa ni watu wazima, na wanangu wako mbali. Gari naliosha tu."

"Kiyoyozi kisipowashwa, oili yake haizunguki, sili inakauka," Barafu alisema polepole. "Kiwashe dakika kumi kila wiki. Endesha, popote pale."

Akabadilisha sili, akavuta hewa yote kwenye mabomba, akajaza gesi kwa kipimo. Ilipofika saa tisa upepo ulikuwa unatoka wa baridi.

"Urudi Jumamosi ijayo niipime gesi," alisema. Haikuwa lazima, na alijua.

Mkunga alirudi. Geji zilionyesha sawa ndani ya dakika moja, lakini hakuna aliyejongea.

"Nilifika mpaka mzunguko wa mwisho wa barabara, nikageuza," mkunga alisema. "Siku tatu wiki hii."

Barafu akaingia kiti cha abiria, ati asikilizie baridi. Wakakaa vioo vimefungwa. Alimsimulia habari za mdogo wake, jinsi simu zilivyoanza kuwa za mwezi kwa mwezi, kisha za sikukuu tu. Mkunga hakumpa pole. Aliitikia tu, kama mtu anayeijua njia hiyo.

Mteja mwingine akapiga honi getini. Barafu akashuka. Alitafuta sababu nyingine ya kumwambia arudi, hakuipata. Gari lilikuwa zima.

"Haya, mama. Uende salama."

"Ahsante, baba."

Mkunga akarudisha gari nyuma taratibu, akaingia barabarani, akaelekea upande wa mzunguko.