Jini wa Mkunazi Alivyohamishwa

Utotoni mwangu, Kariakoo, hakuna aliyechuma kunazi uani kwetu bila kupiga hodi. Mkunazi ule ulikuwa na mwenyewe, jini, na Bibi aliyenilea alimheshimu kama mpangaji wa siku nyingi. Kunazi tulizianika juu ya bati la jiko mpaka zikasinyaa, Bibi akaziuza barazani. Ndizo zilizotulisha tangu Babu afariki.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila kiwanja kinatafutiwa ghorofa. Mdogo wake Babu akaiuza nyumba yetu bila kumuuliza Bibi, kisha akaja kutuambia tuhame. Yaani mjane aliyezeekea humo si mtu? Leo ningemjibu kwa vifungu vya sheria. Bibi alimjibu kwa ubani. Alilifukiza shina la mkunazi, akalifunga kitambaa chekundu, akaniambia, "Atakayeugusa atajibizana na mwenyewe. Hatuendi popote."

Nilimwamini. Tulikuwa na nini kingine?

Wakata miti walipokuja wakakiona kile kitambaa, wakaweka mashoka chini.

"Mzee, hapa sishiki," mmoja alimwambia Babu Mdogo. "Mimi nina watoto."

"Mwanaume mzima unaogopa kitambaa?"

"Basi shika wewe shoka."

Hakulishika. Bibi alicheka siku ile mpaka akakohoa.

Baada ya siku chache Babu Mdogo alirudi na mganga wa kukodi, kijana, kanzu imepigwa pasi. Mganga akauzunguka mkunazi, akanong'ona, akanyunyiza marashi, kisha akamgeukia Bibi kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Nimezungumza naye. Amekubali kuhama."

Nilingoja Bibi amtimue. Ulimi wa kumtimua alikuwa nao. Aliinamisha kichwa, akauliza taratibu, "Kaenda wapi?"

"Msimbazi, mtoni."

Akaingia ndani kufunga mizigo.

Chuoni nikisimulia haya wenzangu hucheka, eti ushamba. Wacheke. Siku ile ya mganga, kati ya watu wazima pale uani, Bibi peke yake ndiye aliyeamini kweli; Babu Mdogo aliikodi imani asubuhi moja, ikamtosha. Na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwambia Bibi kwamba mjane ana haki yake. Majirani walikuwa wanangoja wanunuzi wao.

Tulipata chumba cha kupanga Buguruni. Huko, kila baada ya Magharibi, Bibi alimwombea yule jini apate mahali pazuri pa kukaa. Sisi hakuna aliyetuombea.