Si Nyenze, Baba

Mpaka leo nikisikia choroko kavu zikimiminwa kwenye sufuria, miguu yangu inasimama yenyewe. Mume wangu hucheka. Na acheke tu. Yeye hajawahi kusikia njuga za nyoka hatua tatu kutoka alipo.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa ughaibuni, mji wa Herndon, baba akiendesha teksi ya uwanja wa ndege. Jumapili moja ya kiangazi, miaka ya elfu mbili na kitu, alitupakia mimi na mama na sufuria ya pilau, tukaenda milimani, mwendo wa saa moja na ushee. Siku zile nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha nyoka, nimekisoma mara nne, na niliwachosha watu kweli kweli. Mama alikuwa akiniita Bi Nyoka.

Tulipofika, mama akatandika mkeka. Baba akaenda kuvuta gogo kwenye majabali apate pa kukalia, nami nyuma yake. Ndipo ikaanza: sauti kavu, kali, haipumui.

"Nyenze hao," baba akasema, anaendelea kutembea. "Kwetu Korogwe wakilia hivi, ujue jua limekolea."

Jamani, nyenze nilikuwa nawajua! Nyenze hulia juu mtini, sauti ikipanda na kushuka. Hii ilitoka chini, na kila baba alivyosogea, ilizidi.

"Baba, stop!" nikapiga kelele. "Si nyenze! Usiinue mguu!"

Kwetu mtoto hampigii baba yake kelele, sembuse kumwamrisha. Nilimsikia mama akisema, "Wewe!" Lakini baba alisimama. Nikamwonyesha kwa kidole: nyoka mnene kama mkono wangu, kajikunja kando ya gogo, kichwa kipana juu ya shingo nyembamba, mabaka ya kupindapinda mgongoni, mkia mweusi tititi, na nchani njuga, zile pete kavu anazotikisa kuonya, zimesimama zinatetemeka. Baba akanong'ona nimpe fimbo. Nikakataa. Anayemfuata kumpiga ndiye anayeumwa, nikamwambia, rudi nyuma polepole. Akarudi. Nyoka naye akanyamaza, akajipenyeza chini ya jabali.

Njiani kurudi nilikaa nyuma nikitazama kisogo cha baba. Nilijua nitachapwa, au kitabu kitarudishwa maktaba. Wapi! Tangu siku ile, nyumbani kwetu mtoto aliruhusiwa kudakia maneno ya wakubwa, hata mbele ya wageni, na wageni walimsema sana baba kwa hilo. Mimi nilidhani sababu ni ubingwa wangu wa nyoka. Nilivimba kichwa miaka mingi.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo shangazi, dada yake baba, aliponisimulia habari za kaka yao mkubwa, yule aliyekufa kijana. Alikuwa amesimama shambani akizungumza na wazee. Baba, naye ana miaka tisa, alimwona nyoka kwenye majani, karibu kabisa na mguu wa kaka yake. Alikuwa mtoto mwenye adabu sana. Akangoja wamalize kuzungumza.